Picha ivuke mpaka na jina la mchoraji

Mfanyabiashara anayevuka Namanga na magunia ya vitunguu hana haja ya kujua nani alivipanda. Mnunuzi wa Nairobi atavipima, atalipa, basi. Lakini mwenye furushi la picha za Tingatinga akiziuza kama vitunguu, anajipunja yeye na kumpunja mchoraji.

Picha hizi hununuliwa kwa jumla Dar es Salaam au Arusha na kuviringishwa kama mikeka. Huulizwa bei na ukubwa. Jina la mchoraji haliulizwi. Zikifika sokoni, tembo wa huyu hana tofauti na tembo wa yule. Jirani akipunguza shilingi mia, wa pili hupunguza mia mbili. Bidhaa isiyo na jina haina silaha nyingine ya kushindania ila kushuka bei.

Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli. Kazi zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora kwa takriban miaka minne tu, kwani mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Leo picha zenye sahihi yake hutafutwa mpaka Ulaya, hata wapo wanaoighushi. Sahihi isiyo na thamani haighushiwi. Waliorithi mtindo wake waliunda ushirika mwaka 1990, lakini mnunuzi wa Nairobi au Kampala hawezi kutaja hata wawili kati yao.

Zamani majina yalivuka mipaka. Elimo Njau wa Marangu alisoma Makerere, akachora kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, kisha mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, Nairobi. Sam Ntiro, naye wa Kilimanjaro, alisoma na kufundisha Makerere. Picha yake ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Makumbusho hayanunui tembo wala ndizi. Yananunua kazi ya mtu fulani.

Wapo wafanyabiashara wanaoficha jina kwa makusudi. Wanaogopa kwamba mteja akimjua mchoraji, atamwendea moja kwa moja na wao watarukwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini hesabu yake ni fupi. Mteja wa Kampala hatapanda basi mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya picha moja. Atarudi dukani kuuliza kama ipo nyingine ya fundi yule yule, na atakayeweza kuileta ni mfanyabiashara anayemjua fundi huyo. Asiye na jina la kutaja, mteja wake hana sababu ya kurudi kwake.

Jambo hili halihitaji karatasi mpya mpakani. Wavukaji wanakijua cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000. Cheti hicho hutaja nchi ilikotoka bidhaa, hakitaji mkono ulioitengeneza. Pengo hilo mfanyabiashara anaweza kuliziba kwa kalamu: nyuma ya kila picha aandike jina la mchoraji, mji na mwaka. Kama ni nakala, aseme ni nakala. Na picha yenye jina ikipata bei nzuri, mchoraji aongezwe chake safari inayofuata, la sivyo kazi zake bora atampa mwingine.

Makumbusho ya taifa ya nchi jirani nayo yangeanza kununua kazi hizi. Ila yataanzaje, kama picha inafika mlangoni bila jina la kuandika ukutani?