Kuingia Si Kufaa

Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, lisije likawa kosa lenu.

Mdogo wangu hupata riziki yake kwa kutengeneza video za arusi. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa ikienda kama kobe. Basi alipokwisha kuuza mahindi alinunua kadi ya picha, yaani chombo kinachoisaidia kompyuta kuchora picha upesi. Kadi ile ilikuwa na mahali pa kuchomeka plagi ya umeme ya matundu nane, lakini waya wake ulikuwa umepotea. Akaniuliza, "Kaka, tufanyeje?" Nikaenda kuchomoa waya katika pawasaplai ya zamani iliyolala stoo, nikautia katika yake. Uliingia bila shida. Nikamwambia kwa majivuno, "Kinachoingia ndicho chake." Tukawasha. Ulisikika mlio mdogo, pakanuka moshi, na kadi ikafa palepale.

Aliniamini kwa kuwa nimesoma. Tangu siku ile nimeuliza na kujifunza, nami nawapa niliyoyapata.

Kwanza, fanya hesabu. Kadi hupata umeme kwa njia mbili. Njia moja ni ule mfereji wa madabodi, yaani ubao mkubwa wa ndani, ambamo kadi huchomekwa. Mfereji huo hutoa wati 75 na basi. Kadi ndogo hutosheka nazo. Kadi kubwa huongezewa kwa waya utokao katika pawasaplai: plagi ya matundu sita huongeza wati 75, na ya matundu nane wati 150. Hivyo kadi yenye plagi moja ya nane yaweza kupata mpaka wati 225. Soma maelezo ya kadi ujue watengenezaji wake wataka pawasaplai ya wati ngapi, kisha soma kibandiko cha yako. Ikiwa pungufu, kompyuta yaweza kuzimika katikati ya kazi.

Pili, jihadhari na mapacha. Plagi ya prosesa nayo ina matundu nane, lakini upande wenye volti 12 katika plagi moja ndio upande usio nazo katika nyingine. Utazitambua hivi: mara nyingi ya prosesa hugawanyika nne kwa nne, na ya kadi sita kwa mbili. Ikikataa kuingia, usiilazimishe.

Tatu, na hili ndilo lililonipata mimi. Ziko pawasaplai ambazo nyaya zake huchomolewa pande zote mbili. Upande wa kadi una kanuni moja kwa watengenezaji wote. Upande wa pawasaplai hauna kanuni. Kila mmoja hupanga apendavyo, na hata mtengenezaji mmoja aweza kubadili mpango wake. Kwa hiyo waya wa pawasaplai moja usiutie katika nyingine, hata ukiingia vizuri namna gani. Ukipotea, tafuta uliotengenezwa kwa ajili ya pawasaplai ile ile.

Sasa kazi yenyewe. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda kidogo ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kadi. Ichomeke katika mfereji mpaka usikie kilio cha kufuli lake, ukaze na parafujo. Ndipo utie plagi ya umeme, nayo mpaka ilie. Plagi iliyoingia nusu hupata moto na yaweza kuyeyuka. Hasa zile mpya zilizoanza kuonekana mwaka 2022, ambazo hupitisha mpaka wati 600. Mwisho, waya wa kioo uutie kwenye kadi, si kwenye madabodi, la sivyo utadhani kadi ni mbovu. Na pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe. Hata ikichomolewa, ndani yake hubaki umeme uwezao kumwua mtu.

Mdogo wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Basi kaka, imekwisha kuharibika." Neno hilo liliniuma kuliko matusi. Nimekwisha kumlipa nusu ya fedha zake, na nusu nitaimaliza mavuno yajayo.

Ndugu msomaji, mtu akikuletea mali yake na kukuuliza jambo usilolijua, usione haya kumwambia, "Sijui, tukaulize." Neno hilo halina gharama. Langu mimi limegharimu magunia ya mahindi.