Kijana na Shairi Lake la Kwanza

Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari za mashairi, na hasa jinsi ya kumjulisha mashairi kijana wa miaka 13 hata 17, maana waalimu na wazazi wengi hulalamika kwamba vijana wa umri huo hawataki hata kuyasikia.

Mtoto mdogo hana taabu na mashairi. Mwimbie wimbo wa kurukia kamba, ataushika siku ile ile, na kesho atakuwa amekwisha kuwafundisha wenzake. Lakini apatapo miaka 13 au 14 mambo hugeuka. Mvulana sauti yake yavunjika, msichana aona haya kusimama mbele za watu, na wote wawili huogopa kuchekwa kuliko waogopavyo kiboko. Basi wakati huo huo ndipo mwalimu amwekeapo mezani shairi lililochapwa kitabuni, lenye maneno asiyoyajua, akamwuliza: Hili ni shairi la namna gani? Mtunzi ana maana gani? Kijana hujibu, kwa kuwa hana budi. Hujifunza kusema "tarbia" akiona mishororo minne, na "takhmisa" akiona mitano. Na siku mtihani umalizikapo hufunga kitabu asikifungue tena maishani.

Hatusemi kwamba mtihani ni kitu kibaya. Huko Kenya karatasi ya Fasihi katika mtihani wa mwisho wa sekondari huuliza mashairi, na mwalimu asiyewatayarisha wanafunzi wake kwa hayo atakuwa amewadhulumu. Neno letu ni juu ya utaratibu tu. Twaona umepinduliwa. Jina la shairi na sehemu zake hutangulia, na sauti yake huja baadaye, au haiji kabisa.

Kumbukeni jinsi mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalivyotufikia. Yeye alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu miaka mingi, hata Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa mji ule ule, alipoyakusanya na kumsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyaandika, mwishoni mwa karne ya 19. Diwani yake ikachapwa mwaka 1940, na W. Hichens ndiye aliyeitengeneza. Yaani karne nzima ilipita kabla ya kitabu kupatikana, na mashairi hayakufa. Wala hayakuwa yote ya mambo makuu. Mengine ni ya vita na wakuu wa Unguja, lakini mengine ni ya mapenzi, na nyumba, na mzaha wa jirani kwa jirani. Watu waliyashika kwa sababu yalikuwa na mwendo ambao ulimi hauwezi kuusahau.

Basi na kijana aanzie hapo, katika mwendo. Mwalimu asimame mbele ya darasa bila kitabu, aseme shairi moja kwa sauti, au aliimbe kama ana sauti ya kuimba, kisha alirudie. Asiulize swali lolote siku ile. Siku ya pili alirudie tena, na safari hii wanafunzi wapige makofi kwa kila mizani. Wengi hushangaa kuambiwa kwamba "mtu" ni mizani mbili, kwa sababu ile m husimama peke yake, na "mbuzi" pia ni mbili tu, kwa sababu m yake imeshikamana na ile inayofuata. Na kwamba "mtoto" ni tatu, lakini "ng'ombe" ni mbili. Makofi huwafundisha haya upesi kuliko ubao. Hupendezwa sana wakigundua kosa la mwenzao, na hata wale waoga husahau haya zao, maana mikono ndiyo inayosema.

Baada ya hayo watunge. Twajua wako watakaosema, Watatungaje nao hawajasoma? Twajibu: mshororo mmoja tu, wa mizani 16, nane upande huu na nane upande huu, juu ya jambo lililotokea nyumbani mwao juma lile. Mvulana mmoja wa miaka 14, katika darasa tulilolifundisha, alikuwa na kinyongo na jirani yao ambaye mbuzi wake alikuwa ameingia shambani kwa mama yake. Akaandika: "Mbuzi amekula mboga, zilizokuwa shambani mwetu." Tulimwambia apige makofi. Upande wa kwanza ukaenda vema, wa pili ulimi ukachechemea. Akahesabu akaona mizani 10 mahali pa nane. Akakaa kitambo akitafuna kalamu, kisha akafuta "mwetu" akacheka, kwa kuwa kila mtu kijijini alijua shamba lilikuwa la nani. Keshoye alikuja na mshororo wa pili: "Jirani kaona woga, akajificha chumbani." Hatukuwa tumemfundisha vina bado. Aliviona mwenyewe, ga kwa ga na ni kwa ni.

Wala si ajabu. Vijana hawa huimba vina mchana kutwa. Nyimbo ziitwazo bongo fleva, ambazo wazee wengine huzikemea, na baadhi yazo zastahili kukemewa, zimejaa vina. Na kijana anayeweza kuzisema kutoka mwanzo hata mwisho amekwisha kuufundisha ulimi wake nusu ya kazi. Mwalimu mwenye busara atamwomba aandike ubeti mmoja wa wimbo wake aupendao, autie mstari chini ya kila kina, kisha auweke kando ya shairi la kale. Asizidharau nyimbo zake mbele za watu. Ukimdharaulia anachokipenda, hatakipenda ulichomletea.

Tukirudi kwa yule wa mbuzi: binti wa jirani alikuwa darasa lile lile. Hakunyamaza. Alijibu kwa ubeti mzima, vina vile vile, akidai kwamba ua wa shamba lile ulikuwa umeanguka tangu masika na kwamba mbuzi hajui kusoma mipaka. Darasa likagawanyika mara mbili. Kwa siku kadha hatukuwa na kazi ya kuwahimiza, ila ya kuwazuia wasitukanane. Na sharti tulilowawekea ni moja tu, kwamba asiyeweza kujibu kwa mizani kamili asijibu kabisa.

Kujibizana huku ni desturi ya zamani sana ya washairi wa Kiswahili. Tangu mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo la Tanganyika lilichapa mashairi ya wasomaji wake, na katika Kenya Taifa Leo limekuwa na ukurasa wa mashairi kwa miaka mingi. Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Ugogo aliyezaliwa mwaka 1917 akafariki mwaka 1969, ndiye aliyeyafanya majibizano kuwa mchezo wa jukwaani uitwao ngonjera, ambamo wawili au zaidi husimama na kuhojiana kwa beti. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea katika shule za Tanzania. Nyingi zilikuwa za kuisifu siasa ya wakati ule, na kijana wa leo hawezi kuzionea ladha. Lakini chombo chenyewe ni kizuri, maana kijana aogopaye kusimama peke yake husimama bila hofu akiwa na mwenzake wa kubishana naye.

Tumemtaja Mnyampala kwa sababu ya pili pia. Katika nyumba zetu wako wanong'onao kwamba mashairi ni mali ya Waislamu wa pwani, tena hayatupasi sisi. Mnyampala alikuwa Mkristo wa bara, na mwaka 1963 Utenzi wake wa Enjili Takatifu ulichapwa, akitumia umbo lile lile la tenzi za pwani. Hakuona aibu kukopa, wala wa pwani hawakupungukiwa.

Na katika tenzi za pwani uko mmoja ambao twapenda kila kijana wetu ausikie, hasa wasichana. Ni ule wa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka, mkuu wa Siyu. Aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, apate kumwachia binti yake mausia. Una beti zipatazo 100, kila ubeti mishororo minne ya mizani nane; mitatu ya kwanza hushirikiana kina kimoja, na wa nne huchukua kina kisichobadilika kutoka mwanzo wa utenzi hata mwisho. Lugha yake ni Kiamu, na hapo wengi hujikwaa, kwa kuwa macho huitwa "mato," na njia huitwa "ndia." Mwalimu aandike maneno kama 20 hivi ubaoni kwanza, kisha asome beti 10 tu, si zote.

Tena wasichana watampinga Mwana Kupona. Tumeyaona hayo. Mausia yake juu ya mke kumtii mumewe huwachoma, na mmoja alituuliza waziwazi kama mama yule angalimwandikia mwanawe wa kiume vivyo hivyo. Mwalimu asiwanyamazishe. Mtu hawezi kubishana na shairi asilolisikiliza, na sisi twaona kwamba saa ile ya ubishi ndiyo darasa lilipousoma utenzi kwelikweli. Na kwa lile swali, iko namna ya kuwajibu: Shaaban Robert wa Tanga, aliyeishi tangu mwaka 1909 hata 1962, aliwatungia watoto wake wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, tenzi mbili mbalimbali, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Wapewe zote mbili, wazilinganishe wenyewe na utenzi wa yule mama.

Hata hivyo, enyi wazazi, msiwape mausia matupu. Hili ni kosa la nyumba nyingi. Shairi lichaguliwapo kwa ajili ya kijana huwa lazima liwe la kumwonya: uvivu, ulevi, marafiki wabaya. Kijana hupata kudhani kwamba shairi ni fimbo iliyopakwa asali. Mpeni na la kuchekesha, na la fumbo, na la safari ya baharini, na la mtu anayelia.

Juu ya mashairi yasiyo na vina wala mizani tutasema kidogo. Tangu miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, washairi wamebishana kama hayo ni mashairi au siyo. Sisi twapenda vina, nasi hatufichi. Lakini wako vijana ambao mizani huwafunga ulimi, na mmoja wao akikuletea mistari iliyo huru, isome kwanza. Walimu watakao kanuni zenyewe kwa ukamilifu watazipata katika kitabu cha Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, cha mwaka 1954.

Liko jambo jingine ambalo mwalimu hulikuta bila kulitafuta. Kijana aliyekwisha kuzoea kutunga huja siku moja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiacha mezani akaondoka. Ndani yake hamna mbuzi wala jirani. Hapo kalamu nyekundu ikae mfukoni. Msichana mmoja wa miaka 15 aliyefiwa na mama yake, ambaye kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akijibu "ndiyo" na "siyo" tu, alituletea karatasi ya namna hiyo siku chache baada ya darasa kusomewa shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina. Zilikuwa beti sita. Mizani ya ubeti wa nne ilikuwa imevunjika, na kina kimoja kilikuwa kimekosewa. Hatukuvigusa. Tulimwita baada ya masomo tukamwuliza kama angependa ziandikwe vizuri katika daftari la darasa. Akakataa. Akasema kwamba alitaka nakala moja tu, kwa herufi kubwa, kwa sababu macho ya bibi yake ni mabovu, naye bibi atataka kuzisoma mwenyewe.