Siku matatu zikigoma, nauli yetu inapangwa na nani?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa steji, Kayole. Hakuna gari. Makanga wenyewe wamekaa pale wanapiga stori, maana ndio waliogoma. Mmoja wetu alikuwa na miadi Westlands saa mbili asubuhi, mahojiano ya karatasi zake aliyoyasubiri miezi saba. Siku za kawaida safari hiyo ni matatu mbili, kama shilingi 150 hivi. Tukafungua simu. Programu ya teksi ikatuambia 1,900. Tukafunga, tukafungua tena, tukidhani mtandao unatuchezea. Ikawa 2,150.

Basi dada yetu akatembea. Kayole mpaka mjini kwa miguu, kutoka hapo boda kwa bei ya kuumiza. Alifika saa tatu kasoro robo. Jina lilikuwa limeshaitwa. Akaambiwa arudi baada ya wiki sita.

Tangu siku ile tunabishana kwenye grupu. Wengine wanasema ni wizi mtupu. Wengine, hasa wenzetu wenye ndugu madereva, wanasema biashara ni biashara. Tumeona tuandike pale tulipofikia.

Kwanza tuseme ukweli: nauli kupanda hakukuletwa na simu. Nani hajui Nairobi mvua ikinyesha? Gari la 50 linakuwa la 100 kabla hujafungua mwavuli. Ila makanga unamwona uso. Unaweza kumwambia, "Bro, niko na 70 tu," na mara nyingine anakubali. Ile namba ya kwenye simu huwezi kuibembeleza, wala hujui jirani yako ameonyeshwa ngapi.

Wenye programu wanatoa sababu, na si ya kijinga. Abiria wakizidi magari, bei inapanda ili dereva aliyelala nyumbani aamke aje kazini. Ijumaa jioni hiyo inaweza kufanya kazi. Lakini siku ya mgomo hesabu inakataa. Matatu ndogo inabeba abiria 14, basi linabeba zaidi ya 30. Teksi inabeba wanne. Hata madereva wote wa mji wakiamka, hawawezi kujaza pengo hilo. Wazee wa grupu wanakumbuka Jumatatu ya tarehe 12 Novemba 2018, serikali ilipoanza tena kukaza zile kanuni za Michuki. Matatu nyingi hazikutoka, na barabara zikajaa watu wanaotembea. Siku kama hiyo bei kubwa haiongezi magari ya kutosha. Inachagua tu nani apande na nani atembee. Na sisi tunajua tuko upande gani.

Dereva si adui yetu. Yeye naye analia. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 zilisema kampuni isimkate zaidi ya asilimia 18, na bado Julai 2024 madereva wa programu Nairobi waligoma kwa sababu ya nauli ndogo. Akipata siku moja ya bei nzuri, hatumuonei wivu. Tunachouliza ni kwa nini abiria naye asiwe na mpaka unaomlinda.

Kwingine mpaka umewekwa. Julai 2014, Uber ilikubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kwamba wakati wa dharura bei haitapanda kupita kiwango fulani. Desemba mwaka uleule, watu walipotekwa kwenye mkahawa mmoja Sydney, bei zikapanda katikati ya mji. Watu walikasirika, na kampuni ikaomba msamaha na kurudisha pesa. Kwa hiyo ile namba si mvua ya Mungu. Kuna mtu aliyeiweka, na anaweza kuishusha. Tena mgomo wa matatu mara nyingi unatangazwa mapema. Mamlaka zinaweza kusema tangu jana yake: kesho isizidi mara moja na nusu ya bei ya kawaida. Dereva atapata faida, na abiria hatakamuliwa.

Sasa tuongee na ninyi, dada na kaka wa mashirika, kwa heshima. Tunajua mnafanya kazi ngumu. Lakini ratiba zenu na nauli mnayorudisha zimepigwa kwa bei ya matatu. Siku matatu hazipo, mpango wote unatuangukia sisi. Mkenya akichelewa kazini atagombezwa na bosi. Mkimbizi akichelewa mahojiano, faili lake linalala mwezi, pengine zaidi. Tunaomba mambo matatu tu. Siku ya mgomo, anayechelewa asihesabiwe kuwa hakuja. Mwekeni mwisho wa foleni ya siku ileile. Mahojiano yanayoweza kufanyika kwa simu, yafanyeni kwa simu. Na mkijua jioni kwamba kesho kuna mgomo, tumeni ujumbe usiku uleule, si saa nne asubuhi wakati mtu ameshachomwa na jua njiani.

Na sisi vijana tusikae kulia tu. Asubuhi ile pale steji kulikuwa na watu wengine watatu waliokuwa wakienda upande wa Westlands, kila mtu ameinamia simu yake. Tungeulizana, 1,900 ingegawanywa kwa wanne, isingefika 500 kwa kila mmoja. Bado ni ghali, lakini dada yetu angefika. Kuanzia sasa mwenye miadi aseme kwenye grupu siku mbili kabla, ajulikane anaenda wapi na saa ngapi.

Pia tumeanza kuchanga shilingi 50 kila wiki, akiba ya nauli ya dharura, na mweka hazina tumeshamchagua. Dada yetu anarudi Westlands mwezi ujao. Matatu zikiwepo atapanda matatu. Zisipokuwepo, safari hii hatatembea.