Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tiba ya akili ya wasichana wa Rubaya isingoje daktari kutoka Kinshasa

Kwa Mheshimiwa Daktari Samuel Roger Kamba, Waziri wa Afya ya Umma, Usafi na Hifadhi ya Jamii, Kinshasa.

Mheshimiwa Waziri,

Msichana wa miaka 14 aliyebakwa karibu na machimbo ya koltani ya Rubaya, huko Masisi, akibahatika kufika kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita, muuguzi anajua la kumfanyia. Kuna vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI, kuna kinga ya mimba, dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo, na fomu ya kujaza. Vikiwepo stoo, anapewa. Baada ya hapo mpango wetu unanyamaza. Usingizi unaokatika kila usiku, woga wa kupita tena njia ya kisimani, shule iliyoachwa katikati ya mwaka, kujiona yeye ndiye mkosaji, kutamani kufa: mambo hayo hayana muuguzi, hayana siku, hayana chumba. Hoja ninayoleta kwako ni moja. Tiba maalumu ya akili kwa wasichana wa rika hilo inaweza kutolewa kwenye vituo vya afya vya Masisi na Walikale, kwa Kiswahili, na watu wa hapohapo, na ushahidi wake umepatikana katika Kivu hizi mbili.

Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kivu ya Kaskazini na ya Kusini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na shirika la IRC. Walishiriki wanawake 405 waliofanyiwa au kushuhudia ukatili wa kingono, kutoka vijiji 15. Vijiji 7 vilipata tiba ya kikundi: kikao 1 cha faragha na vikao 11 vya pamoja. Vijiji 8 vilipata msaada wa kawaida, yaani mshauri wa kuendewa na mwenye shida mmojammoja. Kabla ya kuanza, walio wengi pande zote mbili walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkali. Miezi 6 baada ya tiba kwisha, waliobaki na dalili hizo kwa kiwango cha ugonjwa walikuwa asilimia 9 kwenye vijiji vya tiba, na asilimia 42 kwenye vijiji vya msaada wa kawaida. Hakuna daktari wa akili aliyeendesha vikao hivyo. Waliendesha wasaidizi wa kisaikolojia, hawa tunaowaita APS, Wakongomani wenye angalau miaka 4 ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Mazoezi yalirahisishwa kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Wale walikuwa watu wazima, na hapo ndipo wasichana wetu wanapoachwa. Lakini mwaka huohuo ulitoka utafiti mwingine, mdogo zaidi, na kwa barua hii ndio wenye uzito: Beni, wasichana 52 wa miaka 12 hadi 17, waliobakwa au kudhulumiwa kingono. Wasichana 24 walipata vikao 15 vya tiba ya kikundi, 28 wakasubiri zamu yao. Walioongoza hawakuwa matabibu. Dalili za kiwewe zilishuka sana kwa waliotibiwa, na miezi 3 baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Sitatia chumvi: wasichana 52 ni wachache, miezi 3 ni mifupi, na kulinganisha aliyetibiwa na anayesubiri humpendelea aliyetibiwa. Isitoshe, baadhi ya watafiti walewale walipolinganisha tiba ya namna hii na michezo na mazungumzo ya kwenye nafasi rafiki za watoto, makundi yote mawili ya vijana yalipata nafuu. Mshauri wako yeyote makini atauleta utafiti huo mezani, na afanye hivyo. Mimi nauelewa hivi: vijana wengi huinuliwa na ratiba, na wenzao, na mtu mzima anayerudi wiki baada ya wiki bila kukosa. Hauonyeshi kwamba msichana anayeona upya uso wa aliyembaka kila anapofumba macho atapona kwa ngoma na mpira.

Maana tiba ya namna ile ya Beni ina kazi yake mahususi. Msichana hufundishwa kwanza kutuliza pumzi na mwili. Kisha hujifunza kutenganisha kilichotokea na anachokisadiki juu yake. “Nilibakwa kwa sababu nilikubali kwenda kuosha mawe jioni”: sentensi kama hiyo huchukuliwa, hupimwa mbele ya wenzake, nani alikuwa na silaha, nani alikuwa na hiari, mpaka lawama iondoke kwake. Mwishoni husimulia tukio lenyewe kidogokidogo, mbele ya mtu aliyefunzwa kusikiliza. Semina ya siku moja yenye fulana na soda haifanyi kazi hiyo, hata ikiitwa msaada wa kisaikolojia kwenye ripoti. Wala wodi ya akina mama haiifanyi. Binti wa miaka 13 aliyewekwa kwenye kikundi cha wanawake walioolewa hatafungua kinywa mbele ya rika la mama yake, na akiwekwa na watoto wa miaka 7 ataona aibu.

Utaniambia, Mheshimiwa, kwamba Rubaya haimo mikononi mwa serikali. Ni kweli, tangu tarehe 30 Aprili 2024 waasi wa M23 ndio wanaoshika mji na machimbo yake. Lakini ugonjwa haukuhama na bendera. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini, sehemu kubwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa Goma. Februari 2025 kambi hizo zilivunjwa kwa amri ya M23, na wengi wakarudishwa Masisi, mbali na vituo vilivyokuwa vimewaandikisha. Masisi-centre nayo ilipobadilika mikono Januari 2025, hospitali yake kuu iliendelea kupokea majeruhi. Muuguzi wa zone ya afya amebaki na daftari lake, hata barabara ya Sake itawaliwe na nani leo au kesho. Mafunzo yanayobebwa kichwani mwa mtu wa pale hayahitaji kupita kizuizi chochote.

Nitaambiwa pia tungoje amani. Walikale inatoa jibu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kwenye vijiji 13 vya barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi ikiwemo, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, 55 kati yao wasichana. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa wanamgambo aliyeshtakiwa kwa ubakaji huo, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma Novemba 2020, miaka 10 baadaye. Msichana aliyekuwa na miaka 13 siku ile alikuwa na 23 hukumu ilipotoka. Ujana wake wote ulipita kati ya kosa na haki, na ujana haungoji mahakama. Utafiti wa wanawake 405 nao ulifanyika nchi ikiwa bado vitani.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la madaktari wa akili wenyewe: asiye mtaalamu akigusa kidonda cha namna hii anaweza kukichimba zaidi. Ndiyo sababu naomba usimamizi kabla sijaomba idadi ya wahudumu. APS asiye na msimamizi wa kumpigia simu usiku msichana anapotaka kujiua hafai kuachwa peke yake. Goma ina hospitali za Tulizo Letu na HEAL Africa, Bukavu ina za SOSAME na Panzi. Wataalamu wachache waliopo huko watasaidia wengi zaidi wakiwa walimu na wasimamizi wa APS kuliko wakingoja wagonjwa wasio na nauli ya kufika.

Kuhusu pesa, misaada ya Marekani iliyokatwa mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imebeba karibu asilimia 70 ya fedha za kibinadamu nchini mwaka uliotangulia, na haina dalili ya kurudi kama ilivyokuwa. Lakini sheria ya Desemba 2022 iliunda FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga wa ukatili wa kingono wa vita, unaolishwa na sehemu ya mrabaha wa madini ya taifa. Rubaya inakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria M23 inakusanya hapo dola 800,000 kwa mwezi. Hizo huwezi kuzigusa. Za mfuko unaweza kuziombea, kwa hoja kwamba tiba ni sehemu ya fidia.

Kwa hiyo naomba tiba hii ya kikundi iandikwe kwenye huduma za lazima za kituo cha afya, kwa jina lake na kwa umri wake, miaka 12 hadi 17, ili mganga mkuu wa zone aweze kudai mtu, chumba na mshahara. Naomba pia agizo lililo wazi juu ya ruhusa ya mzazi. Familia nyingine hupatana na mbakaji kwa mbuzi au kwa ndoa, na hapo anayetakiwa kutia sahihi ndiye asiyetaka binti aseme. Msichana aruhusiwe kuanza vikao kwa ridhaa yake, mlezi ahusishwe pale tu isipomhatarisha. Haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji waraka wa wizara kwa zone za afya za Masisi na Walikale, na nakuomba uutoe kabla bajeti ya mwaka ujao haijafika bungeni.