Mchonga Vinyago na Wageni Wake

Wasomi wengi wa sanaa siku hizi hunena kwa shangwe juu ya wasanii wa Uchina watokao mijini kwenda kuwahudumia watu wa vijijini, kana kwamba jambo hilo ni geni duniani. Hutajwa sana mradi wa Ou Ning na Zuo Jing, ulioanza mwaka 2011 katika kijiji cha Bishan, jimbo la Anhui, ukakomeshwa mwaka 2016. Walakini mwaka 2014 mtafiti mmoja aliyezuru kijiji hicho alitoa neno zito: wageni walisifu kiza kwa kuwa nyota huonekana vyema, na wenyeji walitaka taa za barabarani. Basi nani aongoze?

Mmakonde wa Newala hakungoja kufunzwa na mtu kwamba sanaa ni kazi ya jamii. Sura ya midimu ilichongwa ili ichezwe vijana watokapo jandoni, na mchongaji alijua ni nani atakayeicheka na ni nani atakayeikimbia. Mwaka 1906 Karl Weule alizuru Masasi na Newala akikusanya vitu vya wenyeji, vikapelekwa Leipzig. Ulikuwa utawala wa Wadachi, na hapana wa kushangaa. Lakini mwaka 2011 jumba lenye vinyago vya Kimakonde lilifunguliwa mjini Changchun, Uchina, kwa hazina iliyotolewa na Li Songshan na mkewe Han Rong. Li alisoma Kiswahili, na mapenzi yao kwa vinyago hivyo ni ya kweli. Kuwalaumu ni kukosa adabu. Lawama ni ya nyumbani. Mtoto wa Newala atakaye kuona ujamaa, ile nguzo ya watu wabebanao ambayo husemwa ilibuniwa na Yakobo Sangwani, mzaliwa wa Msumbiji, huelekezwa Mwenge, Dar es Salaam, akaitazame kwa bei ya mtalii.

Watetezi wa soko hujibu kwamba soko limewalisha wachongaji. Ni kweli, ila mwenye duka ndiye aliyechagua kichongwe nini. Na mpingo je? Mti huo hutaka miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa. Mfanyabiashara hangoji hivyo, wala mfadhili mwenye hesabu ya miaka mitatu. Halmashauri za Newala na Masasi ziwakabidhi wachongaji ardhi ya kupanda mpingo na nyumba moja ya kazi zao, funguo zikae mikononi mwao, na mgeni, awe wa Leipzig au wa Beijing, apige hodi.