Mlango wa Miiba

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mvumi, laptopu mapajani, nikitaka kutia saini. Nilikuwa nimerekebisha kosa dogo katika programu huria ninayoitumia kwenye utafiti wangu wa uzamili. Kampuni inayoisimamia ilinishukuru, kisha ikaniletea mkataba: ili kazi yangu ipokelewe, niipe haki ya kuitoa kwa leseni yoyote itakayopenda baadaye.

Mama alikuwa anapepeta uwele. Akauliza ninasoma nini huku nimekunja uso hivyo. Nikamweleza. Akasema, "Yaani mnachimba wote, halafu mlango anafunga yeye?"

Kwetu swali hilo si mzaha. Kiangazi tunachimba maji kwenye mchanga wa korongo, na kisima kinazungushiwa miiba ng'ombe wasikivuruge. Maji ni ya Mungu, lakini ukitaka kujua utakunywa lini, muulize anayefungua miiba.

Darasani tumefundishwa kuuliza leseni tu. Ikiwa huria, tunapiga makofi. Leseni inakuambia unaruhusiwa nini leo. Utawala ndio unaoamua kesho: nani ana hakimiliki, nani anamiliki jina, nani anakubali au kukataa marekebisho.

Agosti 2023 kampuni ya Marekani, HashiCorp, iliitoa Terraform kwenye leseni huria na kuiweka kwenye leseni inayowazuia washindani wake kuiuza. Wahandisi wa dunia nzima huitumia kupanga seva zao, na watu wa nje walikuwa wamechangia msimbo wake kwa miaka, chini ya mkataba wa jamii ya huo niliokuwa nao mapajani. Matoleo ya zamani yalibaki huru. Waliokasirika wakayachukua na kuanzisha OpenTofu, ambayo sasa iko chini ya Linux Foundation. Watetezi wa kampuni husema: mnaona, mlango haukufungwa. Waliohama walikuwa na kampuni na mishahara nyuma yao. Ofisi ya umma yenye fundi mmoja wa kompyuta ingehamaje?

Sisemi kampuni zisile. Mwaka 2021 Elastic ilipobadilisha leseni yake, ililalamika kwamba Amazon inauza huduma iliyojengwa juu ya jasho lake. Lalamiko lina uzito. Lakini jasho lile halikuwa la Elastic peke yake, na wachangiaji wa nje hawakuwa na kura. Mwaka 2024 ilirudisha leseni huria kama chaguo mojawapo, nako ni kwa uamuzi wake yenyewe. Anayeweza kukufungulia bila kukuuliza anaweza kukufungia vilevile.

Sisi tumebahatika. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na huduma za VVU kule Eldoret, Kenya, na unasimamiwa na shirika lisilotafuta faida. Takwimu za MTUHA zinazoanzia kwenye vitabu vya zahanati zetu huingizwa DHIS2, ambayo kiini chake kinaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakifanya kazi kubwa ya kuiendeleza hapa nchini. Hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Lakini bahati si sera, na tumezoea kushukuru kwa sababu ni bure.

Basi kabla ya taasisi yoyote ya umma kusimika programu huria, ijibu maswali matatu. Hakimiliki iko kwa nani? Nani anaamua marekebisho yapi yaingie, na Mtanzania anaweza kukaa kwenye kiti hicho? Leseni ikibadilika kesho asubuhi, nani hapa nchini ataliendesha toleo la mwisho lililo huru, na analipwa kutoka fungu gani? Na kampuni inayojinadi kuwa huria ikabidhi jina na hakimiliki kwa chombo ambacho haiwezi kukiamuru peke yake. Ikikataa, ijiite kampuni ya programu tu.

Sikutia saini. Msimamizi wangu anasema nimejinyima: jina langu kwenye orodha ya wachangiaji lingenisaidia kutafuta kazi. Huenda ana haki. Marekebisho nimeyaweka hadharani, ayachukue atakaye. Na kila toleo jipya likitoka, nakaa chini nayaingiza upya kwa mkono, mstari kwa mstari.