Staa Wetu, Hiyo Stika Inaua Benzi la Mzee!

Wadau, leo sitaji jina la mtu, ila mwenyewe akisoma atajijua.

Kuna staa wetu katupia video akijisifu kwamba "amelifufua" Benzi W124 aliloachiwa na marehemu mzee wake. Rangi ya nje safi, rimu zinawaka. Kamera ikaingia ndani. Jamani! Mbao zote za dashibodi na za kwenye gia zimefunikwa stika nyeusi ya plastiki. Watu wakamwaga laiki, wengine wanauliza stika inauzwa wapi.

Nasema wazi: huko siyo kufufua, huko ni kuzika.

Gari nyingi za Kijapani za miaka ya 90 zina plastiki yenye picha ya mbao. Hizo bandika utakacho, hakuna wa kukusema. Lakini ile mbao yenye mistari kama pundamilia kwenye Benzi za enzi hizo ni zebrano, mti halisi unaoota misitu ya Gabon na Kameruni. Mti wa Afrika umeenda Ujerumani, umerudi unang'aa, halafu sisi tunauficha kama aibu!

Watetezi wake wanadai mbao ilishapasuka. Wapi! Mara nyingi kinachopasuka ni vanishi ya juu kwa kupigwa jua, mti wenyewe chini ni mzima. Na dawa ipo. Chomoa vipande, toa vanishi ya zamani taratibu, rudishia gundi palipobanduka, piga msasa laini ukifuata mistari ya mti. Kisha paka vanishi ngumu isiyo na rangi, mkono baada ya mkono, kila mmoja ukauke kwanza. Malizia na msasa wa maji, namba 1000 kwenda 2000, halafu polishi. Ila angalia: mti wenyewe ni utando tu, hata milimita 1 haufiki. Fundi mwenye papara akizidisha msasa, kwaheri.

Eti mafundi hawapo. Nenda Keko ukaone vijana wanavyong'arisha vitanda na makabati kila siku. Mkono wanao. Wanachokosa ni mteja mwenye subira na anayelipa vizuri. Mtu anamwaga hela klabu usiku mmoja, seremala wa kazi ya wiki moja anamwona ghali? Kisha vijana wanaomfuata nao wanajifunza kwamba kitu kikichakaa kinafunikwa, hakitengenezwi.

Na pale kwenye gia palipofifia, palifutwa na mkono wa mzee miaka yote aliyoliendesha. Unapafunika kwa plastiki ya bei chee ili upate laiki?

Staa, bandua hiyo stika taratibu, kabla jua la Dar halijaigandisha. Ukiing'arisha ile mbao, hapa hapa tutakusifia, tena kwa jina.

Wadau mnasemaje, stika au msasa? Shusha maoni yako hapo chini, matusi hapana.